Mbio za Wote: Tumsaidieje Mwenzetu Mwenye Ulemavu wa Akili?



Wengi wenu mlipojiunga na kisomo mlisikia maneno ya kuvunja moyo. Mliambiwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mliambiwa kwamba mtu mzima akishika kalamu anapoteza muda wake na wa mwalimu. Leo mnasoma gazeti hili wenyewe. Somo letu la leo linawahusu watu wanaoambiwa maneno kama hayo tangu utotoni hadi uzeeni. Ni watu wenye ulemavu wa akili.

Tutaona jinsi watu hao wanavyosaidiwa kushiriki katika mbio zinazoendeshwa na watu wa kujitolea huko Uingereza. Mtauliza, kwa nini twende mbali hivyo? Tumechagua Uingereza kwa sababu mbio hizo zilianzia huko, zimedumu zaidi ya miaka 20, na kazi yake tunaweza kuieleza hatua kwa hatua. Kama mpo katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Halafu mpokezane.

ULEMAVU WA AKILI NI NINI?

Mtu mwenye ulemavu wa akili hujifunza polepole kuliko wenzake, na hali hiyo huanza kabla hajawa mtu mzima. Jambo jipya humchukua muda mrefu kulielewa. Pengine hesabu ya fedha humshinda, au kusoma saa, au kufuata maelezo marefu. Wengine huhitaji msaada kidogo tu. Wengine huhitaji mtu wa kuwa nao mchana na usiku.

Sababu ni nyingi. Wapo wanaozaliwa nayo, kama wale wenye hali iitwayo Down. Wapo waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, pale mama alipokaa na uchungu muda mrefu mno. Wapo waliopata malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Si laana, na mama mzazi asilaumiwe.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Ulemavu wa akili si kichaa. Kichaa ni ugonjwa. Unaweza kumpata mtu yeyote, hata msomi, na upo uwezekano wa kutibiwa. Ulemavu wa akili ni hali ya mtu aliyonayo siku zote. Hauna dawa ya kuuondoa, na hauambukizi hata mkila sahani moja.

Na yale majina, jamani! Zezeta, punguani, taahira. Zamani neno taahira liliandikwa hata vitabuni. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu wa akili. Bora zaidi, tumwite kwa jina lake.

KWA NINI TUZUNGUMZE HABARI ZA MBIO?

Mtu anaweza kusema: huyu ana shida kubwa, mbio za nini? Apewe chakula na mahali pa kulala, basi.

Tusome hesabu hizi. Katika England, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Uingereza, vifo vya watu wenye ulemavu wa akili huchunguzwa kila mwaka. Taarifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu hao hufa mapema kuliko wengine kwa miaka ipatayo 20. Zaidi ya vifo 4 katika kila 10 vilikuwa vya kuweza kuepukika. Kwa watu wengine, vifo vya namna hiyo vilikuwa kama 2 katika kila 10.

Miaka 20! Na hiyo ni nchi yenye hospitali nyingi na barabara nzuri. Si ulemavu peke yake unaowaua. Mara nyingi ugonjwa hugunduliwa wakati umekwisha kukomaa, kwa sababu mtu hakuweza kueleza maumivu yake, au alieleza na daktari hakumsikiliza. Wengi hukaa ndani tu. Mwili unanenepa, moyo unachoka, kifua kinakuwa dhaifu. Juu ya hayo kuna upweke. Mtu anaweza kuishi miaka 40 katika mtaa mmoja, na anayelijua jina lake ni dada yake na mtu anayelipwa kumwangalia.

Mazoezi ya mwili hayawezi kumaliza matatizo yote hayo. Lakini mtu anayetembea kilomita kadhaa kila wiki anaupa moyo wake nguvu. Na mtu anayeonekana kila wiki, siku asipoonekana huulizwa: leo yuko wapi? Kuulizwa huko kunaweza kumfikisha hospitali mapema.

WALIKOTOKA

Tusifikiri kwamba Waingereza waliwajali watu hawa tangu zamani. Kwa miaka mingi maelfu yao walifungiwa katika majumba makubwa yaliyoitwa hospitali, mbali na ndugu zao, wengine tangu utoto hadi kufa. Mwaka 1946 mama mmoja aitwaye Judy Fryd, ambaye binti yake alikuwa na ulemavu wa akili, aliwaita wazazi wenzake waungane. Chama walichounda ndicho leo kinaitwa Mencap. Mwaka 1969 ilitolewa taarifa ya uchunguzi juu ya hospitali ya Ely, mjini Cardiff, na watu wakasoma jinsi wagonjwa walivyokuwa wakitendewa vibaya. Nchi ikashtuka.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1970. Kabla ya sheria hiyo, mtoto wa England aliyeonekana ana ulemavu mzito wa akili aliandikwa kuwa hafai kusomeshwa shuleni. Aliandikwa hivyo na wataalamu, kwa wino. Tangu Aprili 1971 kila mtoto akapata haki ya kusoma. Basi kina baba na kina mama mliokosa shule mkiwa wadogo, mnaelewa vizuri maana ya mlango kufungwa, na maana ya mlango kufunguliwa.

MBIO ZA KILA JUMAMOSI

Tarehe 2 Oktoba 2004, bwana aitwaye Paul Sinton-Hewitt aliwaita rafiki zake katika bustani ya Bushy Park, jijini London. Msifikiri ni bustani ya mchicha. Ni uwanja mpana sana wa majani na miti mikubwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameumia, hawezi kukimbia. Basi akabaki kupima muda, wenzake wakakimbia kilomita 5. Walikimbia watu 13, na watu 5 wakajitolea kufanya kazi. Ili kujua nani amefika wa ngapi walitumia washa za chuma, zile ambazo fundi baiskeli huziweka chini ya nati. Mnaona? Kazi kubwa ilianza kwa vitu vya dukani.

Leo mbio hizo zinaitwa parkrun. Tutamke pakrani. Zipo katika nchi zaidi ya 20. Afrika ya Kusini zilianza mwaka 2011 katika bustani ya Delta, Johannesburg, kwa juhudi za Bruce Fordyce, yule aliyeshinda mbio ndefu za Comrades mara 9.

Taratibu zake ni rahisi. Kila Jumamosi asubuhi, kule England saa 3 kamili, watu hukusanyika. Hakuna kiingilio. Kila mtu hujiandikisha mara moja tu, akapata karatasi yake yenye mistari midogo myeusi, kama ile iliyo kwenye pakiti ya sabuni. Unaweza kukimbia, kutembea, au kuchanganya. Ukifika mwisho unapewa kibao kidogo chenye namba. Mtu wa kujitolea anasoma kibao na karatasi yako kwa simu, na baadaye jina lako linatokea katika orodha pamoja na muda uliotumia. Wanaofanya kazi zote hizo siku ya mbio hawalipwi. Wanaofunga kamba, wanaopima muda, wanaosimama kwenye kona kuonyesha njia, wote ni wa kujitolea.

Jambo moja lilitufurahisha tulipolisoma. Miaka ya mwanzo, wastani wa muda wa wakimbiaji wa Uingereza ulikuwa kama dakika 22. Miaka ilivyokwenda ukapita dakika 30. Kwa mashindano ya kawaida hayo ni maendeleo ya kurudi nyuma! Lakini wenye mbio hizi walifurahi, na waliutangaza muda huo kama ushindi. Maana yake ni kwamba watu wazito, wazee, wagonjwa na wasiowahi kukimbia wameanza kuja. Februari 2024 waliondoa katika tovuti yao orodha za rekodi za wenye kasi, ili wageni wasiogope. Wakimbiaji wengine walilalamika sana. Sisi tunaona wenye mbio walikuwa sahihi, ingawa mkimbiaji hodari naye ana haki ya kujivunia miguu yake.

MTEMBEAJI WA MWISHO

Tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye siri ya mbio hizi.

Katika kila parkrun kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kufika wa mwisho. Anavaa kizibao cha rangi ya kung'aa. Anatembea nyuma ya wote. Ukipunguza mwendo, naye anapunguza. Ukisimama kupumzika, naye anasimama. Hakusukumi. Waliosimama kwenye kona hawaondoki mpaka wamwone yeye anapita. Mwenye saa haifungi mpaka mshiriki wa mwisho amefika.

Kwa hiyo hakuna mshiriki anayefika wa mwisho. Nafasi hiyo ina mwenyewe tayari.

Fikirini maana yake kwa mtu ambaye katika maisha yake yote amekuwa wa mwisho, na amechekwa kwa sababu hiyo. Shuleni wa mwisho, mchezoni hakuchaguliwa, nyumbani anaambiwa "wewe kaa hapo." Hapa anakuta watu wazima wamejipanga kumngoja, na hakuna anayetazama saa kwa hasira. Hakuna daktari wala mashine katika msaada huo. Kuna mtu mmoja aliyekubali kutembea polepole.

TUMFUATE KIJANA MMOJA

Tuchukue mfano wa kufikiria. Katika mji mmoja wa Uingereza yupo kijana wa miaka 28 mwenye ulemavu wa akili. Anaishi na dada yake. Amewaona watu wakikimbia, naye anataka. Afanyiwe nini?

Kazi inaanza kabla ya Jumamosi. Dada yake anawasiliana na wasimamizi, anawaeleza. Halafu siku ya kawaida, pasipo na watu, anakwenda naye uwanjani. Wanatembea njia yote taratibu. "Hapa ndipo tutaanzia. Kwenye mti huu tunakata kushoto. Kwenye choo hiki ukibanwa unaingia." Mtu mwenye ulemavu wa akili mara nyingi huogopa asichokijua kuliko anavyoogopa kuchoka. Njia ikishakuwa ya kwake, nusu ya hofu imekwisha.

Pia anapewa maelezo ya maandishi. Uingereza wana namna maalumu ya kuwaandikia watu hawa. Sentensi ni fupi. Kila sentensi ina jambo moja. Herufi ni kubwa, na kando yake kuna picha: picha ya uwanja, picha ya kizibao, picha ya kibao cha namba. Mnacheka? Ndiyo, ni kama kitabu cha kwanza cha kisomo. Waandishi wengi wanaona aibu kuandika hivyo. Wanadhani maneno marefu ndiyo elimu.

Jumamosi imefika. Kijana anafika mapema. Mtu mmoja, na ni vizuri awe yule yule kila wiki, anampokea. Anamsalimu yeye kwanza, si dada yake. Hili ni kosa linalofanyika kila mahali, hata kwetu. Tunamuuliza ndugu yake: "Anakunywa chai?" Na mwenyewe amekaa pale anatusikiliza. Muulize mwenyewe. Akichelewa kujibu, ngoja. Usimdakie maneno. Ndugu yake atasaidia pale tu inapobidi.

Tena azungumzwe kama mtu mzima. Kijana wa miaka 28 haitwi "mtoto mzuri." Kwetu sisi, mzee wa miaka 60 mwenye ulemavu wa akili anastahili shikamoo kama mzee mwingine yeyote. Ni wangapi kati yetu wanampa?

Sasa maelekezo. Yatolewe moja moja. "Vaa viatu." Akimaliza: "Twende kwenye kamba." Ukimwambia mambo matano kwa mpigo, atashika la mwisho tu. Mwambie la kufanya, usimwambie la kuacha. "Usiende mbali" ni maneno magumu, maana mbali ni wapi? "Simama chini ya mti huu" anaelewa. Onyesha kwa mkono pia.

Na tahadharini na swali la "umeelewa?" Watu hawa wamezoea kukubali ili wasigombezwe. Utauliza "umeelewa?" atajibu "ndiyo," kumbe hakuelewa kitu. Badala yake sema: "Nionyeshe utapita wapi." Akikuonyesha, mmeelewana. Walimu wa kisomo wanalifahamu jambo hili. Darasa zima huitika "ndiyooo," halafu ubaoni hakuna anayeandika.

Saa 3 inakaribia. Watu ni mamia, kipaza sauti kinapiga kelele, mbwa wanabweka. Kelele hizo zinaweza kumchanganya kijana wetu mpaka akaziba masikio au akataka kukimbilia barabarani. Asilazimishwe kusimama katikati. Asimame nyuma kabisa na mtu wake, aanze wengine wakishatoka. Muda kidogo wa kungoja hauharibu mbio.

Njiani, mtu wa kumsindikiza anakimbia kando yake, si mbele. Ukikimbia mbele unamvuta. Ukimshika mkono unamfanya mfungwa, isipokuwa mwenyewe ametaka au kuna hatari. Mwendo ni wake yeye. Akitaka kutembea, tembeeni. Akitaka kuacha katikati, aulizwe mara moja, halafu akubaliwe. Wiki ijayo ipo. Kwenye kona, anayeonyesha njia anyooshe mkono wazi na kusema neno moja: "Kushoto!" Akimwita kwa jina lake, vizuri zaidi.

Mwisho wa njia kuna jambo linalowasumbua hata wakimbiaji wengine. Ukifika unapewa kile kibao chenye namba, halafu ndani ya dakika chache unatakiwa ukirudishe. Kijana wetu amekimbia kilomita 5, amepewa kibao, watu wamempigia makofi. Kwake hiyo ni zawadi! Kwa nini anyang'anywe? Basi aelezwe mapema, siku ile ya kutembea njia, kwamba kibao kinasomwa na kurudishwa. Dada yake aandae kitu kingine cha kubaki nacho. Inaweza kuwa muhuri katika daftari, tarehe kwa tarehe. Huku na huko vibao hupotelea mifukoni mwa watu wasio na ulemavu wowote.

SIKU AKISHIKA KAZI

Mpaka hapa tumezungumza habari za kumsaidia. Kuna hatua nyingine, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko ya kwanza. Ni siku ambayo yeye naye anavaa kizibao.

Kazi za parkrun zimegawanywa vipande vidogo. Kutoa vibao kwa mpangilio. Kusoma karatasi kwa simu. Kusimama kwenye kona. Kukusanya mbao za kuonyesha njia. Kumsindikiza mtembeaji wa mwisho. Nyingi ni kazi zinazorudiwa namna ile ile kila wiki, na wapo watu wenye ulemavu wa akili wanaozifanya kwa uangalifu kuliko sisi tunaochoka haraka. Mwanzoni anafanya akiwa na mwenzake. Mwenzake anamwonyesha, halafu wanafanya pamoja, halafu anamwacha afanye naye akitazama tu. Akikosea, mwenzake asimnyang'anye kazi mikononi. Amwonyeshe tena.

Kujitolea nako kunahesabiwa na kuandikwa, sawa na kukimbia. Mtu aliyezoea kusikia maneno ya kushukuru watu wengine, siku hiyo yeye ndiye anayeambiwa asante na mamia ya watu wanaompita. Msaada unaokwenda upande mmoja tu humchosha hata anayepewa. Nani anapenda kuwa mgeni wa kulishwa siku zote?

Mwaka 1968 mama Eunice Kennedy Shriver alianzisha huko Chicago, Marekani, michezo ya Special Olympics kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Michezo hiyo imeenea duniani na imefanya mema mengi. Mbio tunazosoma leo ni za namna nyingine. Hapa mtu huyu anakimbia siku ile ile, njia ile ile, na jirani yake, mwalimu, fundi na muuza duka. Njia hizo mbili hazigombani. Mwaka 2022 kijana wa miaka 19 mwenye hali ya Down, Lloyd Martin, alimaliza mbio za marathoni za London, kilomita 42, akikimbia pamoja na mama yake mzazi.

MIPAKA NA HATARI

Mtu wa kujitolea si mwuguzi. Kama mshiriki anahitaji kulishwa, kupelekwa chooni au kuangaliwa kila dakika, lazima aje na mtu wake anayemfahamu. Wasimamizi wawe wazi juu ya hilo. Kuahidi usichoweza ni kumdanganya.

Watu wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia. Mtu akianguka na kutetemeka, ondoa mawe na vitu vikali vilivyo karibu. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Usimkandamize. Usimtie kitu chochote kinywani, wala kijiko wala kijiti. Tazama saa. Kutetemeka kukiisha, mlaze kwa ubavu na kaa naye. Kukizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Wale wanaokimbia wakisema kifafa kinaambukiza kwa mate wanamwacha mwenzao katika hatari bure.

Tena tuseme wazi jambo ambalo watu hulionea haya. Wapo wanaojifanya wema ili wawanyang'anye watu hawa fedha au wawatende vibaya mwilini. Kwa hiyo mtu wa kujitolea asiende naye mahali pa siri peke yao. Asimpige picha bila ruhusa. Na kijana akisema, "Yule simtaki," asikilizwe siku hiyo hiyo.

NA SISI JE?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 30 inazitaka nchi ziwatie moyo watu wenye ulemavu washiriki katika michezo ya kawaida, pamoja na wengine, kwa kadiri kubwa iwezekanavyo. Kwa hiyo anayemleta ndugu yake uwanjani haombi fadhili.

Hatuna haja ya simu ya kusoma mistari wala ya kipaza sauti. Njia ya kwenda kisimani tunayo, na asubuhi tunazo. Lakini kwanza tujue ni nani hatoki nje. Katika vitongoji vyetu wapo watu wazima ambao mjumbe hajawahi kuwaona, kwa sababu mgeni akija wanaingizwa chumba cha ndani.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari bila malipo.
Kuridhia: nchi kukubali mkataba rasmi.
Kusindikiza: kwenda pamoja na mtu njiani.
Wastani: jumla ya hesabu ikigawanywa kwa idadi yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ulemavu wa akili na kichaa vinatofautianaje? Mwelezeni mtu ambaye hakusoma somo hili, kwa maneno yenu wenyewe.
2. Kwa nini swali la "umeelewa?" halitoshi? Tajeni njia nyingine mbili za kujua kama mtu ameelewa.
3. Katika kazi za kijiji, kama kuchimba mtaro, kupanda miti au kuandaa sherehe, ni vipande gani vidogo ambavyo mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kufundishwa akavifanya mwenyewe?
4. Kama kijiji chenu kikiandaa matembezi ya kilomita 5, nani atakubali kutembea wa mwisho? Andikeni jina lake katika daftari la kikundi.